Gesi Isiyokaa Garini

Sura ya Sita

Hewa iliyotoka kwenye kiyoyozi ilikuwa ya moto. Hafidha Mikdad alikichomeka kipimajoto kwenye tundu la dashibodi, akakiacha kitulie, akakisoma, kisha akakisoma tena kwa kuwa mara ya kwanza hakupenda alichokiona. Jana jioni tundu hilohilo lilikuwa likitoa baridi ya kugandisha samli. Leo asubuhi lilitoa joto la jikoni.

"Nilikwambia, Afande," alisema Bader, mwenye gari, akiwa ameinama dirishani huku kaishika kanzu yake isiguse vumbi la mlango. "Yunus kafanya tena."

"Umemwona?"

"Sina haja ya kumwona. Gesi haikai, na gari anaendesha yeye."

"Jana usiku gari lililala hapa uani kwako, na Yunus alilala kwa mjomba wake Makurunge. Mimi mwenyewe ndiye niliyempeleka."

"Ana miguu," alisema Bader.

Hafidha alizima injini. Alikuwa amestaafu idara ya upelelezi ya polisi, lakini watu wa Bagamoyo walikataa katakata kumstaafisha. Mbuzi akipotea, mke akihisi mume ana nyumba ya pili, utasikia, "Mwiteni Afande." Naye hakuwa na moyo wa kukataa, tena hasa kesi ndogondogo, kwa sababu aliamini kuwa kesi ndogo ndiyo inayomuumiza mtu mdogo.

Na hii ilikuwa imeshamuumiza mtu. Bader alikuwa na duka la vitambaa na Harrier nyeusi aliyoipenda kupita kiasi. Mkewe, Nawal, alikuwa amejifungua karibuni na bado yumo kwenye arobaini. Mtoto alizaliwa na mguu uliopinda, ikawa kila wiki apelekwe Dar es Salaam kubadilishwa plasta ili mguu unyooke. Gari likiwa na joto, mtoto hutoka jasho ndani ya plasta, akawashwa, akalia kuanzia Kerege mpaka mlangoni kwa daktari. Gesi ya kiyoyozi ilipoisha kwa uzee wa gari, Adamu, fundi wa Mapinga, alikuja kuijaza hapohapo uani. Haikupita wiki, joto. Akarudi kuijaza tena. Joto.

Ndipo Bader alipoamua, peke yake, kwamba dereva wake Yunus anainyonya gesi na kuwauzia mafundi wa majokofu. Angalau angeamua kimya kimya! Aliyasema barazani baada ya swala, mbele ya watu, na maneno yakapanda barabara ya Dar yakafika Kerege kwa Mzee Ridhiwani, muuza mbao, aliyekuwa amekubali posa ya Yunus kwa binti yake Batuli. Mzee Ridhiwani alituma salamu fupi: mtu mwenye sifa hiyo hamwozeshi binti, leo baada ya alasiri mjomba wa Yunus aje achukue vitu vyake vya posa. Kwa hiyo Hafidha alikuwa na muda mpaka alasiri. Nawal ndiye aliyeshinikiza aitwe. "Yunus hawezi kuiba hata embe lililoanguka," alisema. Bader naye alikubali akidhani anatafutiwa ushahidi wa kumpeleka kijana kituoni.

"Nani mwingine aliyetoka nje asubuhi?" aliuliza Hafidha.

"Mimi, kwenda msikitini alfajiri. Niliporudi wote walikuwa wameamka. Mama alikuwa kibarazani na tasbihi yake, kama kawaida."

Hafidha alikuwa ameshampitia mama huyo. Bibi Khairiya, mama yake Bader, ndiye mkubwa wa nyumba ile, na hakuna aliyevuka kizingiti bila kuinama kwake, "Shikamoo, Bibi," na kumbusu mgongo wa mkono. Hafidha alimbusu kama wengine. Aliona kidole cha shahada kimepakwa hina, kimoja tu.

"Harusi ya nani hiyo ya kidole kimoja?" alimtania.

"Hina dawa, mwanangu," Bibi Khairiya alimjibu. "Nimejiunguza."

*

Adamu alifika na kipikapu chake, amejaa maneno tangu getini. Jumamosi, huko Mapinga, alikuwa ameijaza gesi kwa mara nyingine mbele ya macho ya Hafidha, na safari hii akaitia rangi maalumu. Rangi ile haionekani kwa jicho tupu, ila ukiimulika kwa tochi yake ya mwanga wa zambarau, inang'aa kimanjano.

"Usiguse kitu, Afande," alisema akifungua boneti. "Rangi hii haina adabu. Ikikushika hutoki nayo kwa sabuni. Mimi nalala nayo, naamka nayo, mke wangu keshazoea."

"Mikono yangu iko nyuma," alisema Hafidha, na kweli ilikuwa nyuma.

Walijifunika turubai ili wapate giza, wote wawili, vichwa ndani ya boneti na migongo nje, Bader akizunguka huku na huku akiona haya kwa niaba yao. Adamu alimulika paipu moja baada ya nyingine. Safi. Akamulika maungio. Safi. Akamulika kompresa, chini na juu. Safi.

"Kama gesi ingekuwa inavuja, tungeiona hapa," alisema. "Sasa tazama huku."

Kwenye valvu ndogo ya kujazia gesi palikuwa pamerukiwa na manjano tele. Yalikuwa yametapakaa mpaka kwenye betri. Lakini kifuniko cha valvu kilikuwa kimerudishwa na kukazwa vizuri.

"Hii haijavuja, Afande. Hii imebonyezwa. Hapo katikati pana kijimsumari. Ukikisukuma kwa kitu chembamba, psssss, gesi yote inakwenda zake. Na inatoka na baridi ya kubabua ngozi, usione hivi."

"Na rangi?"

"Inamrukia mkononi mwenye kubonyeza."

Hafidha alitoka kwenye turubai akiwa na jasho na tabasamu. "Bwana Bader, aliyefanya hivi si mwizi."

"Vipi si mwizi, na gesi haipo?"

"Anayeiba gesi huja na chupa na mpira wa kuunganishia. Haimwagi, maana akiimwaga atauza nini? Huyu kaimwaga yote hewani. Hakuchukua kitu. Halafu akakirudisha kifuniko na kukikaza, jambo ambalo mtu wa haraka halifanyi. Ufunguo wa gari hukaa wapi?"

"Umetundikwa nyuma ya mlango wa ukumbini."

"Basi ni mtu anayejua ulipo. Ni mtu wa nyumba hii, au anayeingia humu kwa ruhusa."

"Yunus anaingia kwa ruhusa," alisema Bader, lakini sauti ilikuwa imepungua kimo.

Hafidha alimgeukia Adamu. "Mara ya kwanza ulipojaza hapa uani, nani alikuwepo?"

"Nani hakuwepo! Bwana Bader alikuwepo, Yunus alikuwepo, Mardhiya alikuwa anaanika nepi. Hata Bibi alisogeza kiti, akaniuliza hiki nini, kile nini. Mimi, Afande, mtu akiniuliza kazi yangu siwezi kunyamaza."

Hilo halikuhitaji kiapo.

Mardhiya alikuwa mkandaji, mwanamke wa makamo mwenye mikono ya nguvu, aliyeitwa kumkanda Nawal kwa maji ya moto na kumtunza mpaka arobaini iishe. Hafidha alimkuta jikoni akichemsha uji wa pilipili manga.

"Nasikia hupendi kiyoyozi," Hafidha alianza.

"Sikipendi, na nitasema mpaka nife. Mzazi hapigwi na baridi, Afande! Mwili bado uko wazi, wewe unampulizia upepo wa barafu? Kila Alhamisi naapa kuwa watamrudisha mgonjwa."

"Kwa hiyo ukaimwaga gesi."

Mardhiya aliweka mwiko chini. "Mimi nikisema kitu nakisema kwa mdomo, na Bwana Bader atakwambia nimemsema mpaka kanikimbia. Boneti yenyewe sijui hufungukia wapi. Na tangu alfajiri nilikuwa chumbani namkanda mzazi. Muulize."

Nawal aliulizwa, akathibitisha kwa kuonyesha mabega yake mekundu.

*

Adhuhuri ilipopita, Hafidha aliwakusanya wote ukumbini na kufunga madirisha ya mbao. Nyumba zile za mji mkongwe zina kuta nene, ukifunga madirisha mchana unageuka magharibi. Yunus aliitwa kutoka Makurunge. Aliingia kanyong'onyea, kijana mrefu aliyekuwa akijikunja asionekane mrefu, akamwamkia Bibi Khairiya kwa kumbusu mkono, akasimama karibu na mlango. Bibi alikuwa kwenye kiti chake pembeni, tasbihi mkononi, mkono ndani ya kanga.

"Kijana huyu amekonda," alisema Bibi. "Hamumlishi?"

Hafidha aliiwasha tochi ya Adamu.

"Nyosheni mikono," alisema Hafidha.

Ya Adamu iliwaka yote, mpaka viwikoni.

"Fundi!" alifoka Bader. "Kumbe! Kila gesi ikiisha, kazi anapata nani?"

"Mimi ndiye niliyeitia hiyo rangi!" Adamu alipiga kelele. "Ulitaka mikono yangu iwe vipi, ya bi harusi?"

"Tochi haimwoni fundi, inaona kazi yake," alisema Hafidha. "Na alfajiri nilimpigia simu yake, nikapokelewa na mkewe, wakagombana kwa nini namwamsha. Alikuwa Mapinga. Anayefuata."

Mikono ya Bader ilikuwa safi. Ya Nawal, safi. Ya Mardhiya, safi. Yunus alinyosha yake, na mwanga ukapita juu yake, viganja na migongo, kucha moja moja. Safi.

"Alhamdulillahi," alinong'ona Yunus, akainua uso.

Hapo ndipo mwanga ulipompitia usoni. Ncha ya pua yake iling'aa manjano. Na midomo pia.

"Haya!" Bader aliruka. "Haya, mmeona! Kanawa mikono, kasahau uso!"

"Wallahi, Afande," alisema Yunus. "Wallahi sijaligusa gari hilo tangu Ijumaa. Ningeligusa lini?"

Kwa miaka yote ya kazi Hafidha hakuwahi kuupenda ushahidi unaokuja wenyewe, lakini huu ulikuwa umekuja, na kijana alikuwa akimtazama kama mtu aliyeshikwa mkono ukingoni mwa kisima.

Kisha Nawal akaanza kucheka. Alijaribu kujizuia, akajiziba mdomo kwa ukaya, ikashindikana.

"Unacheka nini?" Bader aliuliza kwa ghadhabu.

"Pua yako."

"Pua yangu ina nini?"

"Nyani haoni kundule," alisema Mardhiya, ambaye hakumwogopa mtu katika nyumba ile, akamgeuza Bader kwenye kioo cha ukutani. Mwanga ulikuwa bado unatua usoni pake. Pua ya Bader bin Nasor, mfanyabiashara wa kuheshimika, ilikuwa inawaka kwenye ncha, na midomo yake ilimetameta kama ya mtu aliyetoka kula nyama ya mafuta.

Tochi ikazunguka. Pua ya Nawal. Pua ya Mardhiya, kubwa na yenye kung'aa kuliko zote. Adamu alikuwa uso mzima, lakini yeye hakuhesabika. Ukumbi mzima uliangua kicheko, hata Yunus, ambaye alicheka kidogo kwa mashaka, asijue kama ameruhusiwa.

Nawal alimpokonya Hafidha tochi. "Na wewe, Afande. Na wewe pia!"

Hafidha alijitazama kiooni. Kweli. Pua na midomo.

Hakucheka. Alisimama palepale akifikiri. Mikono yake ilikuwa nyuma muda wote, Adamu alikuwa shahidi. Hakuigusa boneti. Hakunywa kitu katika nyumba hii. Na bado pua yake ilikuwa imegusa kile kile ilichogusa pua ya Bader, na ya mkewe, na ya mkandaji, na ya Yunus ambaye ameingia sasa hivi. Pua na midomo, bila mikono. Watu hawa wote wamefanya nini kwa uso tangu asubuhi, kimoja, kilekile?

Aliizima tochi mkononi mwa Nawal.

"Fungueni madirisha," alisema kwa upole. "Nimemaliza."

"Umemaliza nini?" Bader aliuliza. "Ni nani?"

Hafidha alisita. Kuna majina ambayo hayatajwi mbele za watu, hata yakiwa kweli. "Bwana Bader, naomba wengine watupishe kidogo."

"Waache." Ilikuwa sauti ya Bibi Khairiya, kutoka kwenye kiti. "Mimi si mtoto wa kufichiwa. Umeshajua, Hafidha. Hapa ndani kuna mkono mmoja unaobusiwa na kila mtu, na mwenyewe habusu wa mtu."

Aliutoa mkono ndani ya kanga na kuuweka pajani. Nawal, tochi ingali mkononi, aliiwasha bila kujua. Mgongo wote wa mkono ule wa kizee uliwaka manjano, kasoro kile kidole cha hina.

"Mama!" alisema Bader, akakaa chini.

"Kwa kijiti cha wanja," alisema Bibi. "Baada ya alfajiri, ukiwa msikitini. Leo kimeniteleza, hiyo baridi ikanibabua kidole."

"Mimi ndiye niliyemfundisha," alisema Adamu, kwa hofu kubwa. "Alinisifu! Alisema nina akili!"

"Unazo, baba. Ulieleza vizuri."

"Lakini kwa nini, mama?" Bader aliuliza.

Bibi aliendelea kuzungusha tasbihi. "Dada yako Hanadi, wewe ulikuwa mdogo hata humkumbuki. Tulimtoa hospitali akiwa mzazi, ndani ya basi lenye dirisha bovu, na mvua ya masika inampiga. Nilimfunika kwa buibui langu. Halikutosha. Homa ilimwingia palepale, na arobaini yake hakuimaliza. Sasa namwona Nawal anaingizwa kwenye gari lenye upepo wa barafu, na nyote mnasema, 'Ni dawa za kisasa, mama, huelewi.' Nikaona kusema nimesema. Nikatenda."

Mwenye kovu usidhani kapoa. Nawal alikwenda akapiga magoti mbele ya kiti.

"Mama, ungeniambia ningejifunga blanketi."

"Ungejifunga hapa mbele yangu, ukalifungua mkifika Kerege. Mimi nilikuwa mkwe kabla yako."

Nawal alicheka na machozi yakimtoka, kwa sababu ilikuwa kweli. "Mtoto anawashwa, mama. Ndani ya plasta. Gari likiwa na joto analia njia nzima."

"Hilo mbona sikuambiwa?"

"Tuliogopa usihuzunike."

"Basi tumefichana wote," alisema Bibi Khairiya.

Hafidha aliona jua lilivyosogea kwenye sakafu. "Bibi, kuna mwingine uliyefichwa habari zake. Yunus ameitwa mwizi wa gesi hiyo. Kaitwa barazani, mbele ya watu. Mzee Ridhiwani wa Kerege anairudisha posa yake leo, baada ya alasiri."

Mkono wa Bibi ulisimama kwenye punje ya tasbihi. Alimtazama Yunus, kisha mwanawe, na akamtazama mwanawe muda mrefu zaidi.

"Ulisema barazani?"

"Nilidhani..." alianza Bader.

"Adamu, una gesi kwenye gari lako? Jaza. Mardhiya, buibui langu."

"Mama, nitakwenda mimi Kerege," alisema Bader.

"Wewe utakwenda barazani, ulikosemea. Kerege kwangu."

*

Adamu alifanya kazi bila kusema neno, jambo ambalo Hafidha hakutarajia kulishuhudia maishani mwake. Alinyonya hewa yote kwenye paipu, akaingoja geji itulie kuhakikisha hapavuji, ndipo akaifungulia gesi. Yunus alishika usukani, Hafidha alikaa nyuma. Bibi Khairiya, ambaye hakuwahi kukaa kiti cha mbele katika uhai wake, alikaa mbele.

Walipoingia barabara kuu Yunus hakugusa kiyoyozi. Jasho lilimtiririka shingoni.

"Washa," alisema Bibi.

"Bibi, kitakudhuru."

"Washa, nijue kinachomnyamazisha mjukuu wangu."

Alikiwasha. Bibi alijivuta ndani ya buibui, akakaza macho mbele kama anayepigwa sindano. Wakapita mashamba ya mihogo, wakapita wauza mananasi. Baada ya mwendo mrefu alilegeza mabega.

"Si kibaya," alisema. "Ila kipunguze."

Adhana ya alasiri iliwakuta Kerege. Mzee Ridhiwani alikuwa nje ya nyumba yake, kati ya mafungu ya mbao, mtu mnene mwenye vumbi la randa kwenye ndevu. Karibu na mlango palikuwa na sinia la vitu vya posa, lililofunikwa kitambaa cheupe, na mjomba wa Yunus alikuwa amesimama kando yake, mikono kifuani, asijue alichukue au asubiri liletwe mikononi mwake. Mzee Ridhiwani alipoona nani anashuka garini alitupa kibao alichokuwa amekishika.

"Bibi Khairiya! Umekuja mwenyewe? Si ungetuma mtu! Karibu, karibu ukae."

Hafidha alimshika mkono kumteremsha. Bibi alikataa kiti. Alisimama wima mbele ya majirani waliokuwa wameshaanza kusogea, mwanamke ambaye mji mzima huinama mbele yake.

"Sikai mpaka niseme, Ridhiwani. Umesikia kuna mwizi wa gesi nyumbani kwangu. Ni kweli yupo. Ni mimi. Huyu kijana kabeba jina langu, na mimi sikujua. Nimekuja kulichukua."

Mzee Ridhiwani alimtazama Yunus, aliyekuwa bado yuko nyuma ya usukani, uso kaufunika kwa viganja. Kisha akainama, akalinyanyua sinia na kitambaa chake, akambana nalo mjomba mtu apishe njia, na kulirudisha ndani ya nyumba.

Vigelegele vilianzia jikoni.